Fundi Kingi na Pijo ya Mama Tony

Saa moja na nusu asubuhi, malori ya makasha yamekwisha anza kupigiana honi barabarani Shimanzi, Mombasa, na vumbi linaingia ndani ya uzio wa mabati bila hodi. Kingi Charo hana habari nalo. Amepiga magoti kando ya Datsun ya buluu iliyopauka, mkononi ana sumaku ndogo aliyoivisha kitambaa chembamba, anaipitisha taratibu juu ya mlango wa gari.

Sumaku inanata, inanata, kisha inateleza na kuanguka.

"Hapa hapana bati," anamwambia mwenye gari, aliyesimama nyuma yake na kikombe cha kahawa. "Hapa ni puti tupu. Kuna mtu aliziba tundu, akapaka rangi juu."

"Ni vibaya sana, fundi?"

"Si vibaya. Ila bei imebadilika."

Mwenye gari anacheka kicheko kifupi, cha mtu aliyeanza kuhesabu kimoyomoyo. Kingi anajipangusa magoti na kumvutia kiti. Mazungumzo ya pesa, anasema, huyafanya mteja akiwa amekaa.

Kingi ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Kazi yake ni kunyoosha, kukata na kuchomelea bodi za magari, hasa yale ya zamani ambayo viwanda vimekwisha yasahau. Amekodi pembe moja ya ghala kuukuu. Upande wa kushoto umejaa nyundo, mitungi ya gesi na milango isiyo na magari. Upande wa kulia, uliofagiwa vizuri zaidi, ni wa mkewe, Priscah Kadzo, anayeshona viti vya magari kwa cherehani ya miguu.

"Watu huja na swali moja," Kingi anasema. "Gari hili la marehemu baba lina thamani gani? Nami huwauliza: wataka kujua bei ya kuliuza, au gharama ya kulifufua? Maana hayo ni mambo mawili, na aghalabu hayaelewani."

Hapa kisiwani hayaelewani kabisa, na anayeleta ugomvi ni chumvi ya bahari. "Gari ukiliacha Nairobi miaka kumi, utalikuta lina vumbi," anasema. "Ukiliacha Mombasa miaka kumi, utakuta vumbi la gari."

Kingi alizaliwa Kaloleni, Kilifi. Aliacha shule kidato cha pili baba yake alipougua, akashuka mjini kutafuta riziki. Kazi ya kwanza aliyoipata ilikuwa uhamali sokoni Marikiti, kubeba magunia ya viazi na vitunguu. Siku moja, akiwa na mzigo kichwani, alipita kwenye uwanja wa fundi mmoja aliyeitwa Wekesa, mtu wa Bungoma aliyestaafu kutoka karakana ya mabehewa ya reli. Wekesa alikuwa akigonga kipande cha bati bapa, na bati lilikuwa likipinda na kuviringika mpaka likawa bawa la lori, lile linalofunika gurudumu.

"Nikasimama nikamtazama," Kingi anakumbuka. "Aliponiona bado nimesimama, akaniambia, 'Tua basi hilo gunia kijana, utavunjika shingo.' Nikatua. Sikulibeba tena."

"Ulilibeba, bwana!" Priscah anamkatiza kutoka kwenye cherehani. "Vilikuwa viazi vya watu!"

Kingi anakubali kwamba alivipeleka viazi kwanza, kisha akarudi. Alikaa na Wekesa hadi mzee huyo alipofunga virago kwenda kupumzika kwao, akimwachia nyundo zake na sehemu kubwa ya wateja wake.

Lakini gari lililobadilisha maisha ya Kingi lilikuja baadaye sana, miaka mitatu iliyopita, na lilikuja kwanza kama picha ndani ya simu.

Mwenye simu alikuwa Beryl Awino, karani mstaafu ambaye majirani zake wa Tudor humwita Mama Tony. Picha ilionyesha Peugeot 404 ya mwaka 1968, Pijo kama wengi wanavyoiita, imekaa nyuma ya nyumba chini ya turubai. Lilikuwa gari la marehemu mumewe, Tom, aliyefanya kazi bandarini. Tangu alipofariki halikuwa limewashwa.

"Fundi, kuna mtu anataka kunipa elfu sitini," Beryl alimwambia siku hiyo. "Atakuja na lori alibebe. Nimpe?"

"Ni mtu wa magari, au wa vyuma chakavu?"

"Wa vyuma."

"Basi ngoja kidogo, mama. Nije nilione."

Alikwenda, akalifunua turubai. Kutu ilikuwepo, magurudumu yalikuwa yamekaa chini kabisa, na ndani panya walikuwa wamezaa. Lakini Kingi aliona jambo ambalo mtu wa vyuma hakuwa na haja nalo. Gari lilikuwa kamili. Vioo vyote, taa zote, vishikio vya milango, hata nembo ya simba mbele, na kitabu chake cha usajili kimetunzwa kabatini.

"Gari lenye kutu lakini limetimia ni afadhali kuliko linalong'aa lenye mapengo," anaeleza. "Injini utapata wa kukutengenezea. Lakini taa ya nyuma ya gari kama lile ikipotea, utaitafuta mpaka uchoke."

Walikaa barazani, Kingi akampa Beryl hesabu bila kumficha. Kwa mpenzi wa magari ya zamani, Pijo hiyo kama ilivyo ingeweza kuleta shilingi laki moja na themanini. Ikifufuliwa vizuri, huenda ingefika milioni moja na laki tatu. Lakini kuifikisha hapo kungegharimu si chini ya laki saba, na wanunuzi wa magari kama hayo ni wa kuhesabika.

"Nilimwambia, mama, ukitaka usingizi wako, liuze hivi lilivyo," Kingi anasema. "Ukilifufua unaweza kupata. Unaweza pia kukaa nalo mwaka mzima ukilipangusa vumbi."

Beryl hakuwa mtu wa kuchezea pesa. Alikuwa na nyumba isiyo na paa huko Ugenya, Siaya, karibu na kaburi la Tom, na nia yake ilikuwa kuikamilisha, aage Mombasa, arudi kwao. Pesa alizokuwa nazo zilikuwa za hilo paa. Mwanawe, Tony, anayefanya kazi Doha, alipopigiwa simu alishtuka. "Mama, pesa za paa unazitia kwenye gari?"

Beryl alifikiri kwa siku kadhaa. Kisha akaja Shimanzi mwenyewe.

"Nilipokuja Mombasa kuolewa, hilo gari ndilo lililonipokea stesheni," anasimulia Beryl kwa simu kutoka Ugenya, sauti yake ikipanda na kushuka. "Tony alikaribia kuzaliwa ndani yake, tulifika hospitali dakika ya mwisho. Sasa lije lifungwe minyororo, lirushwe juu ya lori kama mzoga? Nikasema hapana. Likiondoka kwangu, liondoke kwa miguu yake."

Walikubaliana. Beryl angenunua vifaa na vipuri vyote. Kingi angelipwa nusu ya kazi yake kadiri inavyoendelea, na nusu nyingine gari litakapouzwa.

Je, Priscah alishauriwa? Kingi anajifanya kutafuta msasa.

"Mimi nilijua siku alipoviweka viti mbele yangu," Priscah anasema. "Viti vina panya. Nikamuuliza, na hivi vinalipwa na nani? Akaniambia, vitalipwa na Mungu akipenda."

Kazi ilianza vizuri. Fundi wa injini aliyeitwa kutoka jirani aliifungua injini akakuta iko salama kuliko walivyoogopa. Tatizo lilikuwa chini. Kingi alipong'oa mazulia yaliyooza na kudunga sakafu kwa bisibisi, bisibisi iliingia kama kwenye mkate uliolowa chai. Akasogea mbele, akadunga. Ikaingia. Akadunga nguzo za pembeni zinazoshika milango. Nazo zikaingia.

"Nilikaa chini palepale sakafuni," anasema. "Niliona aibu. Laki saba nilizomtajia yule mama hazikuwa laki saba tena, na mdomo uliozitaja ulikuwa wangu."

Jirani yake wa karakana, Bonface, alimwonyesha njia rahisi. Abandike bati jembamba juu ya kutu, apake puti, kisha lami nyeusi chini. "Mnunuzi anaangalia rangi," Bonface alimwambia. "Nani analala chini ya gari la milioni na nguo zake nzuri?"

Kingi hasemi kwamba wazo hilo halikumwingia. Lilimwingia. Kazi hiyo ya kubandika ingekwisha kwa siku chache, na kodi ya ghala ilikuwa inasubiriwa. Jioni alimwambia Priscah, akitegemea kwamba mkewe, aliyekuwa na hasira ya viti, angemwambia afanye haraka waachane na gari hilo.

"Milango itashikwa na nini?" Priscah akamuuliza.

"Na puti."

"Na ndani watakaa watu?"

Kesho yake Kingi alivaa shati safi akaenda Tudor.

Alimkuta Beryl akianua nguo. Hakungoja kukaribishwa. Alisimama kwenye mlango wa ua akasema yote kwa pumzi moja: kwamba sakafu haipo, kwamba nguzo lazima zikatwe na kuundwa upya, kwamba gharama itapanda kwa laki na themanini, na kwamba kosa la kutochungulia chini vizuri lilikuwa lake.

Beryl aliliweka chini beseni la nguo. "Tom naye alikuwa hivyohivyo," alisema. "Habari mbaya anazileta akiwa amesimama mlangoni, eti apate njia ya kukimbia. Ingia ndani, Kingi. Ukae unywe chai."

Alikuwa na laki moja tu ya kuongeza. Zilizobaki zilikuwa za mabati ya paa na hakutaka kuzigusa. Kingi akasema pengo hilo atalibeba yeye kwa kazi ya mikono, naye atalipwa gari likiuzwa. Waliipiga hesabu upya mezani, wakapeana mikono.

Miezi iliyofuata Kingi anaizungumza kama mtu anayekumbuka safari ndefu iliyokuwa na chakula kizuri. Alikata sakafu yote. Akaunda nyingine kwa bati bapa, akiligonga juu ya gogo kama Wekesa alivyomfundisha, akilipima, akilirudisha, akiligonga tena. Bonface, aliyependekeza njia ya mkato, alianza kuja baada ya kazi zake kumshikia upande wa pili, na hakuna aliyelitaja tena suala la puti.

Vipuri vilikuwa na vituko vyake. Mpira wa kuzungushia kioo cha mbele haukupatikana mjini, ukaagizwa ng'ambo kwa shilingi elfu thelathini na nane. Beryl alipotajiwa bei hiyo alidhani amesikia vibaya.

"Mpira wa gurudumu?"

"Hapana mama. Wa kioo."

"Mpira tu wa kuzungusha? Haki, Kingi, si tungenunua mbuzi!"

Bampa zilipelekwa kung'arishwa upya, nazo zikala pesa. Rangi ilikuwa ileile aliyoipenda Tom, rangi ya samli, na Kingi aliipata kwa kusugua chini ya kiti cha nyuma mahali ambapo jua halikuwahi kufika. Priscah alishona viti vya rangi nyekundu iliyoiva, mishono imenyooka kama mistari ya daftari jipya. Alipomaliza alikaa ndani ya gari, akafunga mlango, akasikiliza.

"Mlango ulilia *tup*," anasema, akitabasamu. "Siyo *kwacha*. Nikajua mume wangu amefanya kazi."

Gari likawa tayari. Kisha hakuna aliyekuja kulinunua.

Kwa usahihi, watu walikuja. Walikuja kupiga picha wameegemea boneti. Mmoja alitoka Nairobi akalishangaa saa nzima, akatoa laki sita. Mwingine akasema atarudi mwisho wa mwezi, bila kusema mwezi gani. Beryl hakulalamika hata mara moja, na hilo lilimuumiza Kingi zaidi. Akipiga simu, aliuliza habari za watoto wa Kingi kwanza, habari za Priscah, kisha kwa sauti ya chini, "Na yule mgonjwa wetu?"

Kingi alirudia kunyoosha milango ya malori ili kodi ipatikane. Kila asubuhi aliivuta shuka, akaipangusa Pijo, akaiwasha kidogo injini isije ikagandamana, akaifunika.

Ndipo alipokuja Sheikhan.

Sheikhan ni mfanyabiashara wa vitambaa mwenye duka Biashara Street. Siku hiyo alikuja Shimanzi kufuata marobota yake ya kanga kwenye ghala la jirani, akalazimika kungoja. Katika kuzungukazunguka akachungulia ndani ya karakana.

"Sabalkheri, fundi."

"Sabalkheri, bwana. Karibu."

"Hili gari ni la watu au lauzwa?"

Kingi alimfungulia mlango wa dereva. Sheikhan akaupita, akafungua wa nyuma, akaingia, akakaa katikati ya kiti. Akatanua mikono huku na huku. Akashuka, akaingia tena, safari hii polepole, akiinua kanzu yake pembeni.

"Nilidhani mtu huyu hana akili sawasawa," Kingi anasema. "Kila mnunuzi hukamata usukani. Huyu alikuwa anapima kiti cha nyuma."

"Bibi harusi na gauni lake, ataenea?" Sheikhan akauliza.

Mkewe Sheikhan, Mahira, ni mpambaji wa maharusi katika Mji wa Kale. Kwa muda mrefu walikuwa wakitafuta gari la kuwapeleka maharusi ukumbini, wakachoshwa na yale meusi marefu ambayo kila mtu anayo. Alasiri hiyohiyo Sheikhan alirudi naye. Mahira alikuja amevaa sketi pana kuliko zote alizokuwa nazo, makusudi.

Beryl aliitwa kutoka Tudor. Akakaa mbele, Kingi akaendesha, Mahira na mumewe wakakaa nyuma. Wakatoka Shimanzi wakiwapisha malori, wakakata mjini, wakaingia Ndia Kuu, Mji wa Kale, taratibu, kuta zikiwa karibu mno na vioo vya pembeni. Wauza viungo wakasimama. Kina mama wakachungulia roshani. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa alinyanyua kikombe chake kama anayemwamkia mtu anayemfahamu.

Kingi alipomtazama Beryl, aliona amekilaza kiganja chake juu ya dashibodi, kama mtu anayempima mtoto homa.

Walirudi karakanani, wakakaa kwenye benchi. Sheikhan akatoa milioni moja na laki moja. Beryl akataka milioni moja na nusu. Sheikhan akainua macho juu kwenye mabati.

"Mama, kwa bei hiyo si nitaoa tena?"

"Jaribu," Mahira akamwambia mumewe, na wote wakaangua kicheko. Kisha akamgeukia Beryl. "Mama yangu, mlango wafunguka mpana, kiti chapendeza, gauni halishiki mahali. Harusi moja ni elfu ishirini na tano, na msimu una harusi nyingi. Tupe kwa milioni moja na laki tatu, na huyu fundi awe ndiye wa kulitunza. Likiharibika kwa mtu mwingine, sitaki."

Beryl alimwangalia Kingi. Kingi akaangalia chini, maana hakutaka uso wake umsemee. Beryl akatoa mkono.

Kingi alilipwa haki yake yote, ile nusu na lile pengo alilolibeba, na Priscah akalipwa viti vyake. Baada ya kutoa gharama zote, Beryl alibaki na faida ya shilingi laki mbili na kitu juu ya ile bei ya kuliuza lilivyokuwa. Si nyingi kwa kazi ya mwaka mzima na wasiwasi wake, Kingi anakiri. Angeweza kuzikosa zote.

"Mimi sikufanya kwa sababu ya faida," Beryl anasema simuni. "Lakini ilipokuja sikuifukuza." Nyumba yake Ugenya sasa ina paa, na ukumbi wa mbele ulioongezwa. Tony alipokuja likizo alilala humo, akaomba aonyeshwe video ya gari likipita Ndia Kuu, akaitazama mara nyingi kuliko alivyotaka mama yake aone.

Kwa Kingi, faida ilikuja kwa njia nyingine. Pijo hupita mjini imefungwa maua karibu kila wiki ya msimu, na watu huuliza imetengenezwa wapi. Datsun ya leo imekuja hivyo. Kuna Land Rover ya familia moja ya Kisauni inayongoja zamu, na Beetle ya mwalimu mmoja. Mwezi mzuri humwachia Kingi na mkewe kama shilingi elfu tisini baada ya kodi na gesi, na mwezi mbaya nusu yake. Watoto wao wawili wako chuoni na ada haijawahi kukwama mwaka huu.

Kila gari linaanza kwa sumaku, bisibisi, na kiti cha kumkalisha mwenye gari. Siku hizi Kingi hulala chini ya gari kabla hajataja bei yoyote. Na wapo anaowaambia waende nyumbani.

"Wiki jana alikuja mtu na gari ambalo lisingerudisha hata robo ya gharama," anasema. "Nikamuuliza, una kumbukumbu nalo? Akasema hana, alilinunua juzi. Nikamwambia, kama huna kumbukumbu na huna pesa, basi huna gari."

Mwenye Datsun amekwisha sikia bei yake. Ameomba kumpigia mkewe kwanza, na sasa yuko nje ya uzio, kidole kimoja kimeziba sikio, akijaribu kuongea kushinda malori. Anarudi akiinua dole gumba. Kingi anaichukua nyundo.

Na ndoto yake ni ipi? Hapo Kingi anaona haya kidogo. Anakwenda nyuma kabisa ya ghala, anavuta pembe ya turubai. Chini yake kuna Morris Minor isiyo na vioo wala rangi, aliyoipata Mazeras kwa mtu aliyekuwa akifugia kuku ndani yake. Hii si ya mteja. Anataka kuifufua polepole, kwa pesa za baki, ili Jumapili moja awabebe Priscah na watoto hadi Kaloleni, wateremke mbele ya nyumba ya mama yake, mchana kweupe, watu wote wakiona.

"Hesabu yake haikubali," anasema mwenyewe kabla hajaulizwa. "Nimeipiga kila upande. Nitatia laki tano, na nikiuza sitapata laki tatu. Mteja angeniletea hii, ningemfukuza."

Anamtupia mkewe jicho, akingoja aambiwe neno.

Priscah hainui kichwa. Anamaliza mshono, anakata uzi kwa meno, anainama chini ya meza ya cherehani na kutoa robota dogo la ngozi ya bandia, rangi ya kijani, ambalo Kingi hajawahi kuliona.

"Nilinunua tangu Idi," anasema. "Wewe chelewa tu na bati lako. Viti vitakutangulia."